Mama Tanki

Pale Kimbo, Ruiru, ungeuliza ni nani mwenye mdomo kuliko watu wote, ungeonyeshwa kwa kidole ukumbi wa mabati ulio nyuma ya duka la mbao, ukaambiwa umtafute DJ Fanto. Jina lake la ubatizo lilikuwa Ephantus. Kazi yake ilikuwa kuchukua filamu za ng'ambo na kuzitia Kiswahili chake mwenyewe, chenye Kikuyu ndani na Sheng juu. Jambazi wa Kizungu alimgeuza mchoma nyama, bibi arusi wa Kichina akamfanya muuza nyanya. Watu hawakulipa kiingilio kwa sababu ya filamu. Walikuja kumsikia yeye.

Mkewe, Mumbi, hakuwa na jina mtaani, na hivyo ndivyo alivyotaka. Alishona mapazia nyumbani, akinunua mboga anasalimia, akirudi anafunga mlango. Zamani alikuwa mwalimu wa chekechea kule Thika, mtaa wa Makongeni, na wazazi walimpenda kwa sauti yake ya taratibu. Alizaa mtoto mmoja tu. Alikuwa mvulana, akaitwa Muriithi, jina la marehemu babake Ephantus kama ilivyo desturi, na nyanya yake alipomwona mara ya kwanza alimwita "mume wangu" akacheka na kulia pamoja. Mtoto hakumaliza hata wiki. Alirudishwa hospitalini akihema vibaya, akafia huko.

Baada ya hapo kichwa cha Mumbi kilimtoroka. Alisikia mtoto analia ndani ya tanki la maji la ploti yao ya nyumba za kupanga, lile tanki jeusi lililoinuliwa juu ya vyuma. Asubuhi moja wapangaji walitoka na ndoo zao wakamkuta juu yake, kifua wazi, akikamulia maziwa ndani ya maji. "Funikeni tanki," alikuwa akiwaambia. "Mtoto anapigwa na baridi." Waliomzunguka walipiga kelele. Ni jirani mmoja tu, mwanamke wa Kikamba aitwaye Kavata, aliyepanda ngazi, akamfunga leso kifuani na kumshusha pole pole kama mtu anayeshusha mayai.

Alilazwa, akatibiwa, akatulia. Mumbi akiwa bado wodini, Ephantus alimwambia amemchukua mtoto hospitalini na kumzika nyumbani kwao Ngoliba, kwenye shamba la mamake. Mumbi alipotoka alipelekwa akaona tuta dogo limezungushiwa mawe. Alipiga magoti hapo, akalia kilio cha mtu mwenye akili zake, na tangu siku hiyo alianza kupata nafuu. Kila mwaka alikuwa akienda kumwagilia waridi alilolipanda pale. Ngoliba ni kukavu, lakini waridi lile lilikataa kufa. Wakahama Makongeni, wakaja Kimbo, mahali ambapo hakuna aliyejua habari ya tanki. "Huku tutaanza upya," Ephantus alisema. Mumbi alimshukuru Mungu kwa kumpa mume wa namna hiyo.

Sasa ikatokea kwamba kuna riwaya iliyouzwa sana duniani, ikatolewa filamu, na filamu hiyo ikawa ndiyo mazungumzo katika kila simu. Ilikuwa ya mwanamke anayeishi na mumewe daktari katika nyumba kubwa kando ya ziwa. Daktari anamfichia vitu, anambadilishia vidonge, anamwambia alisema maneno ambayo hakuyasema, mpaka yule mwanamke anaanza kuuogopa mkono wake mwenyewe. Ephantus alitaka awe DJ wa kwanza kuitoa kwa Kiswahili. Akaketi nayo siku nzima, akatoka amekunja uso.

"Hii ni movie gani?" alimlalamikia mkewe. "Watu wananong'ona tu! Hakuna ngumi, hakuna gari inalipuka. Mtu anaangalia dirisha dakika tano. Nitasema nini mimi?"

"Kitabu chake nimekisoma," Mumbi akasema. Alikuwa amekipata kwa mchuuzi wa vitabu vya mtumba pale Thika, na alikuwa amekirudia mpaka jalada likaachana na kurasa.

"Wacha! Na hukuniambia?"

Basi wakaanza. Mchana, ukumbi ukiwa mtupu, waliketi benchi la mbele, filamu ikaenda na kusimamishwa, ikaenda na kusimamishwa, na Mumbi akamweleza kila mmoja anafikiria nini. Ephantus aliuliza maswali, akaandaa chai yeye mwenyewe, akamletea mandazi. Ilikuwa miaka hajamtazama hivyo. Kuna mahali daktari anakaa ndani ya gari na rafiki yake, mvua inanyesha, na hakuna anayesema lolote. Mumbi alimwambia hapo ndipo wasomaji waliposhikwa, kwa sababu ule ukimya ndio uliomwonyesha daktari alivyo.

"Kimya kinaua kazi," Ephantus alisema. "Watu wakinyamaziwa wanaanza kuangalia simu."

Siku ya mwisho ya mazoezi alizima mashine, akamshika mkono. "Niambie kitu. Mtu akichizi, yaani ndani kabisa, anasikia aje? Wewe ulikuwa unasikia nini?"

Hakuwahi kumuuliza. Hakuna aliyewahi kumuuliza, hata daktari wake wa hospitali, ambaye alitaka tu kujua kama analala. Mumbi alitazama turubai nyeupe ya kuonyeshea filamu, akaanza taratibu. Alisimulia kilio kilivyotoka ndani ya maji, na maziwa yalivyokuwa yakimtiririka mpaka tumboni na mtoto wa kuyanyonya hayupo, na jinsi alivyowaona wale watu wa ndoo kama wezi waliokuja kumchota mwanawe. Alimwambia hata maneno aliyokuwa akiyaimba usiku. Ephantus hakumkatiza. Mara moja moja alisema, "Ehe. Kisha?" Alipomaliza, Mumbi alihisi kifua chake kimekuwa chepesi, akamlalia mumewe begani, wakakaa hivyo mpaka wateja waliokuja kutazama kandanda wakaanza kugonga mlango.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mumbi alikaa nyuma na jirani yake Tabby, mwanamke mnene mchangamfu aliyeuza mitumba, ambaye hakosi kitu chochote cha bure. Ephantus alikuwa kwenye kibanda chake cha mbao, kipaza sauti mdomoni. Filamu ikaanza. Nyumba kubwa, ziwa, mwanamke wa Kizungu anashuka ngazi.

"Huyu," ikasema sauti ya DJ Fanto, "ni Mama Tanki."

Mumbi alidhani hakusikia vizuri. Kisha yule mwanamke akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa yake. Haikuwa sauti ya kike ya kuchekesha ambayo Ephantus aliwapa wanawake wote wa filamu. Ilikuwa yake Mumbi, ile ya mwalimu wa chekechea, inayovuta mwisho wa neno, na ile "r" yake aliyozaliwa nayo kule kwao. "Funikeni tanki," Mzungu alisema akitazama ziwa. "Mtoto anapigwa na baridi."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko.

Ephantus hakusaza kitu. Aliweka kilio ndani ya maji. Aliweka wezi wa ndoo. Aliimba zile nyimbo. Mwanamke wa filamu alipofunga gauni lake kifuani, alimfanya akamue. "Ploti mzima," akasema kwa sauti yake ya mtangazaji, "walikunywa chai ya maziwa mwezi mzima na hakuna aliyenunua pakiti!" Wanaume walipiga mabenchi. Tabby alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, akamgonga Mumbi kwenye paja. "Aki bwana yako ataniua! Haya mambo anatoa wapi?"

Mumbi alicheka. Alicheka kwa sababu asiyecheka ndiye angeangaliwa. Akafungua mdomo, akatikisa mabega kama wenzake, na ndani yake akajisemea: atakoma. Hii ni ya kuvuta watu tu, atakoma.

Ikafika ile sehemu ya gari na mvua, daktari na rafiki yake, kimya. Ephantus akakijaza.

"Unajua, boss," daktari akasema kwa Kiswahili cha Ruiru, "huyu mama ni mjinga. Anadhani nilizika mtoto. Nitoe wapi nguvu ya kubeba maiti mpaka ushago, kijijini kwetu? Mtoto nilimwacha tu hosi, wakamzika na wale wasio na wenyewe. Nikaenda home nikafukia sanduku ya viatu, nikazungusha mawe. Na kila mwaka, boss, Mama Tanki anaenda kuimwagilia maji!"

Kicheko kilichofuata kilitoka mpaka barabarani. Mumbi hakusikia filamu iliyobaki. Alikuwa ameisoma ile sura mara tatu na kuitazama ile sehemu siku nyingi, na alijua kwamba katika gari lile hakuna neno.

Asubuhi yake Ephantus alikuwa mezani, mkate mkononi, simu mbele yake ikilia kila dakika. Kuna mtu aliyerekodi kipande cha tanki, na kilikuwa kimeshafika Juja.

"Muriithi yuko wapi?" Mumbi akamuuliza.

"Muriithi gani?"

"Mtoto wetu. Amezikwa wapi?"

Ephantus alitafuna, akameza. "Ile ni movie, Mumbi."

"Kwa ile movie hakuna hayo maneno."

"Nilijaza. Si unajua mimi hujaza? Maneno yalitoka tu." Kisha akaweka mkate chini na kumtazama kwa huruma, huruma kamili, ya mtu anayemtazama mgonjwa. "Mami, umelala kweli? Umekuwa ukinywa dawa?"

"Niliachishwa dawa miaka miwili iliyopita. Wewe ndiye ulinipeleka."

"Sasa unaona vile unapandisha sauti?"

Hakuwa amepandisha sauti. Lakini baada ya kuambiwa hivyo alijikuta anaisikiliza, akiipima, asijue tena ilikuwa juu au chini. Ephantus akamaliza chai yake, akambusu kichwani, akaenda kazini.

Mumbi alivaa viatu akaenda Ngoliba.

Mama mkwe wake alikuwa uani, ungo mapajani, anachambua ndengu. Alifurahi kumwona, akataka kuinuka ampikie. Mumbi alimshika bega. "Maitu, kaa tu. Nataka kukuuliza kitu kimoja, uniambie ukweli. Muriithi aliletwa hapa?"

Mikono ya mama yule ilisimama juu ya ungo. Akatazama upande wa tuta, akatazama ndengu.

"Hakuletwa," akasema mwishowe. "Ephantus alisema hospitali watamzika wenyewe, na yeye hana nguvu ya mazishi, na wewe uko kule umefungwa. Tulionelea hivyo. Tulionelea ukipata mahali pa kulilia utapona. Na si ulipona?"

"Na huo udongo?"

"Ni yeye alikusanya. Usinikasirikie, mwari. Hata mimi alikuwa mume wangu. Nilikuwa nakuona ukija na maji yako, roho inaniuma, nasema, nikimwambia ataanguka tena. Tulikuhurumia."

Mumbi aliingia jikoni akatoka na jembe. Aling'oa waridi kwanza, akaliweka kando vizuri, mizizi yake ikiwa na udongo. Kisha akachimba. Alichimba mpaka magotini, na jembe likawa linadunda. Chini ya tuta ardhi ilikuwa ngumu, nyekundu, ambayo haijawahi kuguswa na mtu tangu dunia iumbwe. Hakukuwa na sanduku la viatu. Hilo nalo lilikuwa la kuchekesha watu.

Nyuma yake mama mkwe alikuwa ameanza kupiga mayowe. "Uui, njooni! Imempanda tena! Anachimba kaburi!" Majirani wakaja mbio, wakasimama mbali, wale wale waliokuwa wakimwona akija na mtungi wake kila mwaka, ambao sasa alielewa kuwa wote walijua. Mmoja alikuwa ameinua simu anamrekodi. Mama mkwe alikuwa na simu sikioni, na sauti ya Ephantus ilisikika hadi shimoni: "Mshikeni hapo hapo! Msimwache aende! Nakuja na gari, tunampeleka kulazwa!"

Mumbi alijua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mwanamke anayelia anafungwa. Anayepiga kelele anadungwa sindano. Anayejieleza ndiye mgonjwa zaidi. Akaweka jembe chini polepole, akapanda kutoka shimoni, akaenda kwenye pipa akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajipangusa kwa leso yake.

"Maitu, hilo shimo litafaa kwa ndizi," alisema kwa ile sauti yake ya taratibu. "Mimi naenda dukani kukununulia sukari. Narudi sasa hivi."

Wakampisha. Alitembea bila kuharakisha mpaka nyumba zilipoisha, ndipo akakimbia, na gari la kwanza lililosimama lilikuwa la mchanga, linaenda Thika.

Kavata alikuwa bado Makongeni, ploti ile ile, chini ya tanki lile lile. Alimfungulia mlango, asiulize kitu, akampa uji. Alikuwa ameshakisikia kile kipande. Kila mtu alikuwa amekisikia. Mumbi alipokwisha kusimulia, Kavata alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Huyo mwanamume ni nyoka," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza, "Lakini aki, alikuiga vizuri. Nilifikiri ni wewe mwenyewe."

Siku zilizofuata Mumbi alizunguka akimtafuta mwanawe. Pale hospitalini alipelekwa dirisha hili na lile, mpaka mama mmoja mpole akamweleza kwamba watoto wachanga wasiochukuliwa huzikwa na serikali, pamoja, katika makaburi ya umma. Akaenda huko. Mlinzi alikuwa mzee mwenye koti kubwa. Mumbi alipomwambia ni wa mwaka gani, aliinua mkono wake na kuupitisha hewani, juu ya nyasi ndefu zilizokuwa zikiliwa na mbuzi.

"Kuanzia hapo," akasema, "mpaka kwa ile waya."

"Hakuna alama?"

"Mama, hapa hata watu wazima hawana alama."

Alisimama hapo mpaka mbuzi wakahamia upande mwingine. Hakujua aelekee wapi anapolia, kwa hiyo hakulia.

Kimbo nako mambo yalimnyookea Ephantus. Alipoona mkewe harudi, alisimama mbele ya ukumbi Jumamosi iliyofuata, kofia mkononi, akawaambia watu ukweli, au kile alichokiita ukweli: kwamba Mama Tanki si hadithi, ni mke wake wa ndoa, ameugua kichwa miaka mingi, na sasa ametoroka nyumbani na hajulikani aliko. Sauti ilimkatika. Wanawake walilia. Wanaume waliokuwa wamepiga mabenchi walimwendea mmoja mmoja wakamshika mkono. Kisha akaingia kibandani, akawasha filamu, na walicheka kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa walijua ni ya kweli. Tabby alimtumia Mumbi ujumbe wa sauti. "Upone haraka, mpenzi. Unajua hukuwa unakaa mgonjwa? Hata siku ile ulicheka na sisi vizuri tu."

Shule moja ndogo ya mtu binafsi ilikuwa inatafuta mwalimu wa chekechea, na mwalimu mkuu alimwambia Mumbi aje Ijumaa alasiri waonane. Kavata akasisitiza kwamba hawezi kwenda na nywele zile. Basi asubuhi hiyo Mumbi aliingia katika saluni moja hapo mtaani, ya msichana aitwaye Mourine, akaketi, na Mourine akaanza kumsuka. Kulikuwa na wateja wengine wawili, mmoja amekaa chini ya mashine ya kukausha, na televisheni ukutani. Mourine aliinua rimoti kwa mkono wenye mafuta.

"Wacha niwawekee ile ya Mama Tanki. Mnajua ni stori ya ukweli? Bibi ya huyo DJ alichizi kabisa, ati alichimbua kaburi ya mtoto."

"Ngai!" akasema aliye chini ya mashine. "Na huyo mwanamume bado yuko na yeye?"

"Ni bibi alimtoroka. Maskini, ameteseka huyo jamaa. Na ona, bado anachekesha watu."

Mzungu akashuka ngazi. Sauti ya Mumbi ikajaa chumba. Wale wanawake walianza kucheka hata kabla ya tanki, kama watu wanaojua chakula kinakuja. Mumbi alijitazama kwenye kioo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Alifikiri anyamaze. Kisha akachoka kunyamaza.

"Huyo bibi ni mimi," akasema.

Mikono ya Mourine ilisimama kichwani mwake. Wakamgeukia wote, wakamtazama kwenye kioo. Televisheni ikasema, "Funikeni tanki." Mumbi akafungua mdomo akarudia, kwa sauti yake mwenyewe, wajionee: "Funikeni tanki. Mtoto anapigwa na baridi."

Saluni ililipuka. Mourine alijishika kwenye kiti asianguke. Yule wa chini ya mashine alipiga makofi. "Huyu mama! Huyu mama ananimaliza! Amemwiga DJ kabisa!"

"Si mchezo," Mumbi akasema. "Mtoto wangu alikuwa anaitwa Muriithi."

"Ongeza, ongeza!" wakapiga kelele. "Sema ile ya maziwa!"

Hakusema tena. Walibembeleza kidogo, wakamwacha, wakarudi kwenye filamu, na Mourine akaendelea kusuka, akicheka na kumvuta nywele kila alipocheka. Ile sehemu ya gari ilipofika, Mumbi alifumba macho. Alipokwisha kusuka, Mourine alimkung'uta mabega, akamwonyesha kisogo chake kwa kioo kidogo, akamwambia arudi tena, maana wateja wenye vituko kama yeye ni wachache. Mumbi akamshukuru, akachukua mkoba wake wenye vyeti, akauliza njia ya kwenda shuleni ni ipi.